Kaka kauza shamba la marehemu baba bila kuwaambia: fanyeni hivi kabla ya kufungua kesi

Ndugu zangu, shamba la familia kuuzwa kimya kimya na mmoja wenu inauma sana, na kinachouma zaidi ni watu kushindwa kesi ambayo haki ni yao kabisa, eti kwa sababu aliyefungua kesi hakuwa na mamlaka ya kufungua au kamdai mtu mmoja akamwacha mwingine. Hapa naongelea Tanzania bara, Zanzibar wana utaratibu wao.

Kwanza jiulizeni shamba ni la nani. Kama mzee yupo hai na kauza shamba lake mwenyewe, nyie watoto hamna kesi, mtu aliye hai harithiwi. Ila kama kilichouzwa ni nyumba ya ndoa na mama hakuridhia, mama mwenyewe anaweza kwenda kudai, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamlinda. Kama mzee aliwagawia akiwa hai na kila mtu analima chake, basi yule ambaye kipande chake kimeuzwa anadai kwa jina lake. Lakini mzee akifariki na shamba halijagawiwa, hiyo ni mali ya marehemu na wa kuidai ni msimamizi wa mirathi, sio kaka mkubwa wala mwenyekiti wa ukoo.

Kwa hiyo mnaanzia Mahakama ya Mwanzo. Kaeni kikao cha familia, andikeni muhtasari, wote msaini, mpendekeze mtu mtulivu, mwende na cheti cha kifo. Mahakama inatoa tangazo, kama hakuna pingamizi anapewa ile fomu namba 4, ndo barua ya usimamizi. Na huyo aliyeuza mwiteni kikaoni hata kama hamsalimiani, asipoitwa ndo wa kwanza kuja kuweka pingamizi. Ila kama aliyeuza ndo msimamizi mwenyewe mambo yanabadilika, maana msimamizi anayo nguvu ya kuuza, hapo mnarudi mahakama ile ile iliyomteua mnadai hesabu na kuomba aondolewe.

Na msikae tu mkisubiri eti mtoto wa mwisho amalize chuo. Madai ya ardhi mwisho miaka 12, na kwa mali ya marehemu muda unahesabiwa tangu siku aliyofariki, sio siku mliyopata barua ya usimamizi.

Mkishapata msimamizi nendeni Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya 2021 baraza haliamui tena, linasuluhisha tu, lina siku 30, ikishindikana mnaendelea mbele na uthibitisho wao kwamba usuluhishi umeshindikana. Mi nawashauri hapa msiende kwa hasira, mnunuzi naye mara nyingi kaliwa hela yake na wapo wanaokubali kurudishiwa pesa wakaondoka, mkamalizana mapema kabla hajaanza kujenga.

Ikishindikana ndo mnafungua maombi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kama shamba thamani yake haizidi milioni 300, likizidi ni Mahakama Kuu. Wadaiwa wawe wawili, aliyeuza NA aliyenunua. Watu wanamwonea aibu ndugu yao wanamdai mnunuzi peke yake, wakati msimamo wa mahakama tangu 1983 ni kwamba hao wawili wanaunganishwa, mtahangaika miaka alafu rufaa inafuta kila kitu mnaanza upya. Na msiunganishe halmashauri ya kijiji kwa hasira tu kwa sababu mwenyekiti aligonga mhuri, ukiidai hiyo unatakiwa kutoa notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu anaingia na kesi inahamia Mahakama Kuu. Mwenyekiti anaweza kuitwa kama shahidi.

Kwenye maelezo ya eneo usiandike "shamba la ekari tatu lililopo kijijini kwetu". Andika kijiji, kitongoji, ukubwa, na kila upande anapakana na nani: mashariki njia ya kisimani, magharibi shamba la fulani, kaskazini korongo, kusini mstari wa minyaa, na kwa wa Kilimanjaro ni yale masale. Baraza linaweza kuja kuangalia eneo lenyewe, sasa ikikutwa ulichoandika hakifanani na kilichopo chini umejimaliza. Siku hiyo hiyo ya kufungua ombeni na zuio la muda ili mnunuzi asijenge wala kumuuzia mwingine.

Ule mkataba wa mauziano tafuteni kopi muusome taratibu. Angalieni tarehe, unakuta umeandikwa marehemu ndo muuzaji na tarehe ni baada ya mazishi! Angalieni mashahidi ni akina nani, na kama ni ardhi ya kijiji muulize halmashauri ya kijiji ilikaa kikao lini kuridhia. Alafu mashahidi wenu wawe majirani wazee waliopakana na mzee, hao wana uzito kuliko shangazi aliyeolewa mbali miaka mingi.

Mkishindwa, rufaa inaenda Mahakama Kuu ndani ya siku 45, kwa hiyo siku ya hukumu hiyo hiyo andikeni barua ya kuomba nakala ya hukumu, na kopi ya barua igongwe mhuri wa kupokelewa mbaki nayo.