Pancha ikikukuta kwenye mvua ukiwa safarini na baiskeli

Mvua huleta pancha. Mpira uliolowa hukatika upesi kuliko mkavu, na maji hunatisha vipande vya chupa na changarawe kwenye tairi, vikazunguka nalo mpaka vipenye. Kwa hiyo anayesafiri masika asijiulize kama atapata pancha, ajiulize ataishughulikia vipi akiwa amelowa na vidole vimekufa ganzi.

Msimamo wangu ni huu: usizibe pancha mvuani. Gundi haishiki tyubu yenye unyevu, hata kiraka cha kubandika bila gundi kitabanduka. Badilisha tyubu, ile iliyotoboka utaiziba ukifika pakavu. Ndiyo maana nabeba tyubu mbili za akiba, leva za tairi (vijiti bapa vya kung'olea tairi kwenye rimu), pampu, viraka, msasa, gundi ambayo haijafunguliwa, na kitambaa kikavu ndani ya mfuko wa plastiki. Kama magurudumu yako yanafungwa kwa nati, ongeza spana. Tyubu zifunge peke yake. Ikisuguana na spana njia nzima, hutoboka kabla hujaitumia.

Hatua ya 1: Jikinge wewe kwanza

Toka kabisa barabarani. Vaa koti kabla hujagusa baiskeli, maana ukiacha kukanyaga pedali mwili hupoa haraka. Kukiwa na radi, hesabu sekunde kuanzia mwanga mpaka ngurumo. Zikiwa chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10 hivi: achana na pancha, tafuta jengo au gari, si mti uliosimama peke yake. Toka dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Hatua ya 2: Toa gurudumu

Shusha mizigo. Kama ni gurudumu la nyuma, weka cheni kwenye gia ndogo kabisa ya nyuma, halafu ilaze baiskeli upande usio na cheni ili mchanga usiingie kwenye gia.

Hatua ya 3: Toa tyubu

Maliza upepo wote. Bonyeza kingo za tairi ziingie katikati ya rimu, mzunguko mzima. Tairi litalegea lenyewe. Ingiza leva mbali na valvu, toa ukingo mmoja tu, kisha vuta tyubu.

Hatua ya 4: Tafuta kilichotoboa

Hapa usiharakishe hata kama mvua inakupiga mgongoni, kwa sababu mwiba uliobaki kwenye tairi utaitoboa tyubu mpya baada ya mita chache. Jaza tyubu ya zamani upepo, uipitishe karibu na midomo. Mvua inaweza kumeza sauti ya upepo unaotoka, lakini midomo itausikia. Ukipata tundu, ilaze tyubu juu ya tairi, valvu mahali pake, uone tundu limeangukia wapi. Kagua hapo nje na ndani. Pitisha kitambaa ndani ya tairi: kitanasa hata kwenye kiwaya chembamba cha matairi ya malori yaliyopasuka, kile ambacho jicho halikioni.

Matundu mawili yaliyokaa sambamba maana yake tyubu ilibanwa na rimu kwenye shimo. Upepo ulikuwa mdogo. Tundu likiwa upande wa rimu, chunguza utepe unaofunika vichwa vya spoki. Tairi lenyewe likiwa limechanika, weka kipande cha tyubu chakavu kwa ndani.

Hatua ya 5: Weka tyubu mpya

Ipe upepo kidogo ishike umbo. Kwanza ingiza valvu kwenye tundu lake, kisha rudisha ukingo wa tairi kwa vidole gumba, si leva, ukianzia upande ulio mbali na valvu na kumalizia kwenye valvu. Sukuma valvu juu kidogo kisha ivute, na uhakikishe tyubu haijabanwa popote kabla ya kujaza. Kwenye utelezi napunguza upepo kidogo kuliko kawaida, ila si chini ya kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, hasa baiskeli ikiwa na mzigo.

Hatua ya 6: Kuondoka

Rudisha breki kama uliilegeza, zungusha gurudumu, jaribu. Breki za kubana rimu huchelewa kushika zikilowa, kwa hiyo ziguse mapema kufuta maji. Kwepa mistari ya rangi, vyuma, na madimbwi usiyoyaona chini.

Hatua ya 7: Jioni, ziba

Kausha tyubu, sugua kwa msasa, paka gundi eneo linalozidi kiraka. Subiri kama dakika tano mpaka gundi iache kung'aa, ndipo ubandike na kukandamiza kwa nguvu. Kisha futa cheni, ipake mafuta, na uondoe kwa ncha ya kisu vipande vyote vilivyonasa kwenye matairi yote mawili, maana vingine huwa vimefika nusu ya njia.