Namna ya kuandika riwaya ya kijasusi ya mwanahabari anayefichua njama ya wanajeshi: mfano wa Mukden, 1931

Riwaya ya kijasusi ambayo shujaa wake ni mwanahabari huanza kuharibika pale mwandishi anapomkabidhi bastola. Silaha ya mwanahabari ni ushahidi, na kinachomkosesha msomaji usingizi ni kutaka kujua ameupataje, atathibitishaje kuwa ni wa kweli, na ataufikishaje gazetini kabla hajanyamazishwa. Katika mwongozo huu ninajenga msuko wa namna hiyo juu ya tukio halisi la Mukden, mji wa Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, ambao leo unaitwa Shenyang, ambako usiku wa tarehe 18 Septemba 1931 maofisa wa Jeshi la Kwantung, jeshi la Japani lililokuwa Manchuria, walilipua reli ya kampuni ya Kijapani, wakawasingizia Wachina, kisha wakautwaa mji kabla ya jioni ya siku iliyofuata.

Hatua ya 1: Chagua uongo mmoja unaoweza kupimwa

Waandishi wengi huanza na waraka wa siri unaoeleza mpango wote wa kuitawala dunia. Waraka wa aina hiyo upo katika historia ya zama hizo: ni ule unaodaiwa kuwa wa Waziri Mkuu Tanaka Giichi wa mwaka 1927, uliochapishwa nchini China mwaka 1929 na kusambaa duniani kote. Nakala yake ya asili ya Kijapani haikupatikana, na wanahistoria walio wengi wanauhesabu kuwa ni wa kughushi. Nakushauri usiutegemee, si kwa sababu ya shaka hiyo peke yake, bali pia kwa sababu waraka unaosema kila kitu humwachia shujaa kazi moja tu ya kukimbia nao.

Uongo wa Mukden una manufaa zaidi kwa mwandishi kwa kuwa ni mdogo na unapimika. Jeshi lilidai kwamba mlipuko wa kama saa nne na nusu usiku uliharibu njia ya reli. Hata hivyo, treni iliyokuwa ikitoka Changchun kwenda kusini ilipita mahali hapohapo baada ya mlipuko na kuingia Mukden kwa wakati wake. Luteni Kawamoto, aliyeongoza kikosi cha doria kilichokuwa karibu na mahali hapo, alieleza baadaye mbele ya tume ya uchunguzi kwamba treni iliyumba, ikainamia upande mmoja, kisha ikakaa sawa na kuendelea na safari bila kusimama. Tume hiyo, iliyotumwa na Shirikisho la Mataifa, chombo kilichotangulia Umoja wa Mataifa, chini ya Lord Lytton, iliona kwamba uharibifu, kama ulikuwepo, haukuizuia treni kufika kwa wakati na wala haukutosha kuhalalisha hatua ya kijeshi.

Hapo ndipo pa kumpeleka mwanahabari wako. Mfikishe stesheni asubuhi, mkaribishe mezani pa karani mwenye daftari la treni, na umwonyeshe msomaji safu ya saa za kufika: wino uleule, mwandiko uleule, na treni ya usiku uliopita imeandikwa bila neno la kuchelewa. Usimwache shujaa aeleze maana yake papo hapo. Mwache anakili mstari huo na kumshukuru karani, na msomaji ataona mwenyewe kwamba taarifa nzima ya jeshi imeporomoka.

Hatua ya 2: Wagawanye maadui

Kosa linaloudhi zaidi katika riwaya za wakati wa vita ni kulifanya taifa zima kuwa kundi la majambazi. Huo ni uonevu, na tena unaua msuko, kwa sababu njama hukosa mtu wa ndani anayeweza kuivujisha. Katika tukio hili wapangaji wakuu, Kanali Itagaki Seishirō na Luteni Kanali Ishiwara Kanji, waliificha hila yao hata kwa serikali yao wenyewe. Waziri wa Mambo ya Nje, Shidehara Kijūrō, alikuwa na msimamo wa kupatana na China. Konseli Mkuu wa Japani mjini Mukden, Hayashi, alimpelekea simu za maandishi zilizoonyesha kwamba jambo zima lilikuwa kazi ya jeshi.

Usiku uleule ofisa wa ubalozi mdogo, Morishima Morito, alikwenda kumsihi Itagaki aache suala litatuliwe kwa mazungumzo, ndipo Meja Hanaya Tadashi alipochomoa upanga na kumtishia. Ukitaka mtoa habari wa kubuni, mweke katika ubalozi huo: karani anayesimba simu za Hayashi, mzalendo asiye na chembe ya usaliti, ambaye anaona nchi yake inaburutwa vitani na watu wasioagizwa na yeyote. Uamuzi wake wa kuzungumza na mgeni uandikie sura nzima, kwa maana ndio moyo wa riwaya.

Mhusika wa tatu umekwisha kupewa na historia. Meja Jenerali Tatekawa alitumwa kutoka Tokyo kuwazuia maofisa hao, akawasili Mukden jioni ya tarehe 18, akapelekwa kwenye nyumba ya starehe, na mazungumzo yakaahirishwa hadi kesho yake. Mlipuko haukungoja kesho.

Hatua ya 3: Ifanye njia ya habari kuwa uwanja wa vita

Andika kwanza, kwenye karatasi ya pembeni, jinsi neno lilivyosafiri mwaka 1931. Habari ilikwenda kwa simu ya maandishi iliyolipiwa kwa neno, kupitia kaunta ambayo mtu mwingine aliisoma kabla yako. Eneo la reli mjini Mukden lilikuwa chini ya polisi na wanajeshi wa Japani, na Hoteli ya Yamato, mahali ambapo mgeni wa heshima angelala, ilikuwa mali ya kampuni ileile ya reli iliyolipuliwa. Shujaa wako analala ndani ya nyumba ya mshukiwa.

Kwa hiyo mpe njia mbili zenye hasara tofauti: kutuma maneno machache yaliyofumbwa kutoka Mukden, au kupanda treni kwenda Peiping, jina la Beijing wakati huo, na kupoteza saa ambazo jeshi linazitumia kuueneza uongo wake. Kila anapochagua, na apoteze kitu. Mapigano ya mitaani hayahitajiki.

Hatua ya 4: Amua ukweli utafika lini

Usidanganye kwamba makala moja ilizuia vita. Mwaka 1932 wakazi tisa wa Mukden, miongoni mwao maofisa wa benki na madaktari, walikusanya kwa hatari kubwa albamu ya hati na picha na kuifikisha kwa tume ya Lytton. Ripoti ilitolewa Oktoba 1932, wakati Manchukuo, dola bandia iliyoundwa na Japani huko Manchuria, ilikuwa imekwisha kutangazwa tangu Machi, na Februari 1933 ujumbe wa Japani ukatoka nje ya mkutano wa Shirikisho la Mataifa mjini Geneva. Itagaki alinyongwa Desemba 1948 baada ya kesi ya uhalifu wa kivita ya Tokyo. Ishiwara hakushtakiwa kamwe. Mwaka 1956 Hanaya, yule wa upanga, alieleza hadharani jinsi njama ilivyopangwa.

Hatua ya 5: Safisha rasimu

Chora safu mbili. Ya kwanza iwe ya yale ambayo mtu aliyekuwa Mukden angeweza kuyajua kufikia tarehe 20 Septemba: saa ya treni, milio ya mizinga, taarifa ya jeshi, uso wa karani wa ubalozi. Ya pili iwe ya yaliyojulikana kwa tume, kwa mahakama na kwa maungamo ya 1956. Kisha pitia rasimu ukurasa kwa ukurasa, na kila unapomkuta shujaa akitaja jambo la safu ya pili, kama vile jina la Ishiwara kuwa mpangaji au cheo cha aliyetega baruti, lifute, au umtafutie mtu aliyelijua wakati ule na sababu ya kumwambia.