SOMO: Jinsi ya kupanga chipukizi bora wa NBA bila kudanganywa na pointi

Wakuu, salaam kutoka Mwanza. Tangu drafti ya Juni 2025 ipite (ile siku timu za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, huchagua wachezaji wapya) naulizwa kitu kimoja kila siku: "Kocha, chipukizi namba moja NBA ni nani?" Nikisema Victor Wembanyama wa San Antonio, wanataka wa pili, kisha wa tatu, kisha ugomvi unaanza upya kana kwamba jana hatukuongea. Naandika mara moja hapa namna ya kupanga orodha mwenyewe. Nikiulizwa tena, nitamtuma mtu huku.

Unahitaji daftari, kalamu, na bando la kufungulia kurasa za takwimu. Si lazima ukeshe. Mechi za mashariki ya Marekani huanza kwetu saa 8 au saa 9 usiku, na za pwani ya magharibi huisha watu tayari wako kwenye daladala. Marudio yanatosha.

Hatua ya 1: Weka mpaka wa umri. Wangu ni huu: awe hajatimiza miaka 23 ifikapo 1 Oktoba 2025. Aliyevuka anatoka, hata kama unampenda.

Hatua ya 2: Amua swali lako. Nani bora leo, au nani atakuwa bora baada ya miaka mitano? Hizo ni orodha mbili. Cooper Flagg, aliyezaliwa Desemba 2006 na kuchukuliwa wa kwanza na timu ya Dallas, alikuwa hajacheza mechi hata moja ya ligi nilipopanga orodha hii. Kwenye orodha ya leo hayumo. Kwenye ya kesho yuko juu sana. Nusu ya ugomvi wetu ni watu wawili wanaojibu maswali mawili tofauti.

Hatua ya 3: Andika mechi na dakika kabla ya kitu kingine. Chukua pointi, gawa kwa dakika, zidisha kwa 36, ndipo unaweza kumlinganisha wa benchi na anayeanza. Aliyecheza chini ya dakika 1,000 kwa msimu mzima mimi simpangi, namwandika pembeni. Waliokulia Mwaloni, soko la dagaa la hapa Mwanza, wanaelewa hili bila maelezo: mtumbwi wa dagaa haupimwi kwa usiku mmoja. Mbalamwezi ikiwaka, taa haivuti dagaa, na mvuvi hodari anarudi na ndoo mbili. Unasubiri giza, unahesabu mwezi mzima.

Hatua ya 4: Tarehe ya kuzaliwa na hali ya timu, KABLA ya pointi. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo nitakaa.

Mwaka 2014 nilipanga orodha yangu ya kwanza na juu kabisa nikamweka Michael Carter-Williams wa Philadelphia. Alikuwa na wastani wa pointi 16.7, ribaundi (kudaka mpira uliokosa kikapu) 6.2 na asisti (pasi ya kufungia) 6.3. Mechi yake ya kwanza kabisa aliwakuta Miami Heat, mabingwa watetezi, akawapiga pointi 22, asisti 12, na kuwapokonya mipira 9. Msimu ulipoisha akapewa tuzo ya Chipukizi wa Mwaka, ya mchezaji bora aliye msimu wake wa kwanza, nami nikaamini nimepatia. Nje ya kumi bora nilimwacha kijana mwembamba wa Milwaukee mwenye wastani wa pointi 6.8. Kijana huyo ni Giannis Antetokounmpo. Alikuja kuwa MVP (mchezaji bora wa ligi) mwaka 2019 na 2020, akabeba ubingwa 2021. Carter-Williams aliuzwa kabla msimu wake wa pili haujaisha, na zile pointi hakuzifikia tena.

Kuna safu mbili sikuziandika. Ya kwanza ni tarehe ya kuzaliwa. Wote walitoka drafti ya 2013, mmoja nafasi ya 11 na mwingine ya 15, nikawachukulia kuwa rika moja. Kumbe Carter-Williams alizaliwa Oktoba 1991 na Giannis Desemba 1994. Miaka mitatu! Nilikuwa nampima mtu mzima wa miaka 22 na mtoto wa 19 ambaye mwili wake ulikuwa bado unajengeka. Safu ya pili ni timu. Philadelphia ile ilishinda mechi 19 kati ya 82, ikapoteza 26 mfululizo, na ilikuwa ikicheza kwa kasi kuliko timu nyingine yoyote. Kasi huzaa mashambulizi mengi, mashambulizi huzaa pointi za kugawana, na pasipokuwa na mfungaji mwingine lazima mtu azibebe. Alikuwa akiingiza asilimia 40 tu ya mitupo yake, na 26 kwa ile ya pointi tatu. Namba hizo zilikuwa wazi kwenye ukurasa uleule niliokuwa nausoma. Sikuzitazama.

Ningekuwa nimekosea kwenye daftari tu, ningenyamaza. Lakini jicho hilohilo nilikwenda nalo uwanjani. Tulikuwa tunachagua vijana wa mtaa kwa ajili ya mashindano, nikamwacha mtoto wa miaka 14 kwa sababu wa miaka 17 walimzidi pointi. Sikumuuliza mtu umri. Yule mtoto hakurudi mazoezini. Hilo linaniuma mpaka leo, na ndiyo sababu hatua hii naiandika kwa herufi kubwa.

Tahadhari mbili. Usichukue umri kwa kukisia sura, andika tarehe kamili, maana miezi kumi kwa kijana wa miaka 19 ni mingi. Na usigeuze kosa likawa la upande wa pili: si kila mdogo mwenye pointi chache ni Giannis. Anthony Bennett aliongoza drafti hiyohiyo akiwa na miaka 20, na NBA alicheza misimu minne tu. Umri unakuambia nafasi ya kukua ipo. Haukuambii kwamba mtu atakua.

Hatua ya 5: Pima ufanisi wa mitupo. Zidisha mitupo huru (ile ya baada ya faulo) kwa 0.44, jumlisha na mitupo ya kawaida, zidisha jibu kwa 2, kisha gawa pointi kwa hilo. Tuseme mmoja kafunga 20 kwa mitupo 20 na mitupo huru 4: anapata asilimia 46. Mwingine kafunga 16 kwa mitupo 11 na mitupo huru 5: asilimia 61. Wastani wa ligi msimu wa 2024-25 ulikuwa kati ya 57 na 58. Wa pointi 16 ndiye aliyeisaidia timu, hata kama kijiweni mtamsifia wa 20.

Hatua ya 6: Ulinzi utazame kwa macho. Namba za kupokonya mpira na bloku (kuzuia mtupo) zinasaidia, lakini hazimwoni anayemfunga mtu njia mpaka atoe pasi ya kurudi nyuma. Tazama robo mbili nzima (vipindi viwili kati ya vinne vya mechi) bila kuufuata mpira, mfuate yeye tu. Dyson Daniels alipokuwa New Orleans wengi hawakumjua. Akaenda Atlanta, msimu wa 2024-25 akaongoza ligi kwa kupokonya mipira, 3.0 kwa mechi, akachukua tuzo ya aliyepiga hatua zaidi. Waliomtazama miguu walishamwona mapema.

Hatua ya 7: Panga kwa makundi. Kubishania nani wa 6 na nani wa 7 ni kupoteza bando.

Orodha yangu ya leo, kwa njia hiyo na kwa takwimu za msimu wa 2024-25: kundi la kwanza ni Victor Wembanyama peke yake. Msimu wake wa pili alikuwa na pointi 24.3, ribaundi 11 na bloku 3.8, na sijaona mwingine wa umri wake anayebadilisha mitupo ya timu nzima kwa kusimama tu chini ya kikapu. La pili ni Paolo Banchero na Amen Thompson. La tatu ni Daniels, Stephon Castle na Jalen Duren. Mnaweza kunipinga, ila njooni na daftari.

MASWALI YA WADAU

Mchambuzi_Igoma: Mbona Luka Dončić hayupo? Hii orodha ni ya kishabiki.

Mwandishi: Hatua ya 1. Alizaliwa Februari 1999.

Kijana wa Buzuruga: Anthony Edwards je? Usiniambie naye mzee.

Mwandishi: Agosti 2001, ifikapo 1 Oktoba 2025 ana 24. Sijasema mzee, nimesema mpaka ni 23. Kama unataka wa 25, weka 25, panga, tuletee. Ila usisogeze mpaka kwa sababu ya mtu mmoja.

Mchambuzi_Igoma: Basi tupe kumi bora kamili tumalize, maelezo marefu sana.

Mwandishi: Ndugu, maelezo ndiyo somo. Ukitaka majina matupu yamejaa kila mahali.

Nyegezi Hoops: Mwangaluka kocha. Wembanyama alicheza mechi 46 tu msimu wa 2024-25, na Banchero 46 pia. Kwa hatua ya 3 hujawapendelea?

Mwandishi: Mwangaluka, kaka. Swali zuri. Mechi 46 kwa dakika zaidi ya 30 zinavuka dakika 1,000 bila shida, kwa hiyo kipimo wanapita. Ila sababu ya kukosa mechi lazima iandikwe. Wembanyama alipatwa na damu kuganda kwenye bega la kulia, Februari 2025, msimu ukaishia hapo. Banchero alichanika msuli wa ubavuni, akarudi na kumaliza na wastani wa pointi 25.9. Kwa orodha ya leo siwashushi. Tuzo za ligi zina sheria yake ya mechi 65, na ndiyo maana Wembanyama hakuhesabika kwenye tuzo ya mlinzi bora, ikaenda kwa Evan Mobley. Wewe weka alama ya nyota kando ya jina, uifuatilie.

Shabiki_Damu: Castle kundi la tatu? Kachukua Chipukizi wa Mwaka!

Mwandishi: Umesoma hatua ya 4? Tuzo hiyo hulinganisha wapya wa msimu ule tu. Msimu huo alikuwa na pointi 14.7, ni mlinzi mzuri, mitupo ya mbali ilikuwa bado. Namtakia mema, ila tuzo hainipangii orodha.

Shabiki_Damu: Sawa, ila umemdharau.

Mwandishi: Kumweka kati ya sita bora wa dunia nzima kwa umri wake si dharau.

Nyegezi Hoops: Naongezea kidogo kwa wenzangu. Ukitaka kujua kama chipukizi atakuja kutupa vizuri kutoka mbali, angalia mitupo huru yake. Pointi tatu za msimu mmoja zinayumba, mitupo huru haiyumbi sana.

Mwandishi: Kweli kabisa, na sikuiandika. Mwenye asilimia 80 ya mitupo huru na 30 ya pointi tatu nampa muda. Mwenye 60 na 38 namtilia shaka.

Binti Kirumba: Kocha shikamoo. Njia hii inafaa kwa WNBA, ligi ya wanawake? Nimejaribu na mpaka wako wa 23 nikabaki na watu wachache mno.

Mwandishi: Marahaba mwanangu. Umegundua kitu ambacho wakubwa hapa hawajakiona. Kwa kawaida Mmarekani haruhusiwi kuingia WNBA mpaka mwaka anaotimiza 22, kwa hiyo wengi humaliza chuo kwanza. Caitlin Clark alizaliwa Januari 2002, akaingia Indiana 2024, na msimu wake wa kwanza akavunja rekodi ya asisti za msimu mmoja, 337. Kwa mpaka wangu angekuwa ameshatoka baada ya msimu huo mmoja! Tumia 25. Wanaotoka nje huingia mapema: Dominique Malonga, Mfaransa aliyezaliwa Cameroon Novemba 2005, alichukuliwa wa 2 na Seattle mwaka 2025 akiwa na 19. Huyo usimpime sawa na Paige Bueckers aliyechukuliwa wa 1 akiwa na 23. Na mchezo wao ni dakika 40, badala ya 36 zidisha kwa 30.

Mzee wa Capri Point: Mwalimu, kwa kipimo hiki Hasheem Thabeet wetu tungemweka wapi mwaka 2009?

Mwandishi: Mzee wangu, nimelifikiria hili miaka mingi. Hasheem alichukuliwa wa 2 na Memphis, Mtanzania wa kwanza kufika kule. Nyuma yake walikuwepo James Harden, nafasi ya 3, na Stephen Curry, ya 7. Safu ya umri ingesema yeye 22, Curry 21, Harden 19. Kwa hiyo ningemweka chini ya Harden, na moyo ungeniuma. Lakini yeye amenifundisha safu ambayo hapo juu sikuiweka: miaka ya kucheza. Alianza kikapu akiwa na miaka kama 15. Mtu wa 22 mwenye miaka saba ya mpira si sawa na wa 22 aliyeanza na sita. Joel Embiid naye alianza amechelewa, Cameroon, na mwaka 2023 akawa MVP. Kwa mchezaji wa kwetu safu hiyo iandikwe daima, maana wengi wanaukuta mpira wakiwa sekondari.

Binti Kirumba: Basi naweza kuitumia kwa timu yetu ya shule? Hatuna takwimu kabisa.

Mwandishi: Ndiyo, na hapo ndipo ina faida zaidi. Safu sita: tarehe ya kuzaliwa, mwaka alioanza kucheza, dakika, mitupo aliyotupa, aliyoingiza, mipira aliyopoteza. Watu wawili kando ya uwanja wanatosha, mmoja anaita, mmoja anaandika. Fanya mechi nane usiseme chochote kwa mtu. Halafu nitumie picha ya daftari, tutaisoma pamoja, tukianza na wale wadogo kuliko wote.