Sola juu, povu chini: kinachotoboa bati kitangulie

Hapa Arua, Uganda, jua la Januari likipiga bati, chumba kinakuwa tanuri. Ndiyo maana wengi siku hizi wanataka vyote viwili: sola juu ya paa na povu la kupuliza la kuzuia joto chini ya bati. Vinaendana vizuri, ila povu lije mwisho.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba iliyopuliziwa povu kwanza. Mafundi wa sola walikuja baadaye, wakatoboa bila kuona papi (mbao zinazobeba bati) ziko wapi. Mvua zilipoanza, maji yalifuata mkunjo wa bati juu ya povu, yakatokea ukutani, karibu mita 3 kutoka kwenye tundu. Tulikata povu kwa msumeno siku mbili tukitafuta tundu hilo.

Hatua ya 1: Kagua kenchi (fremu za mbao za paa) na papi. Gonga kila ubao; ukilia kama mtupu, mchwa wamo. Tibu au badilisha sasa, pamoja na bati lenye kutu, maana baada ya povu hutaviona tena.

Hatua ya 2: Funga reli za paneli. Bolti ipite kwenye mgongo wa bati, si bondeni maji yanakopita, na iume papi. Weka washa ya mpira na silikoni. Acha nafasi ya sentimita 10 au zaidi kati ya paneli na bati ili upepo upite: kila nyuzi moja ya joto juu ya 25 hupunguza nguvu ya paneli kwa takriban asilimia 0.3 hadi 0.4. Sisi tuko kaskazini kidogo mwa ikweta, kwa hiyo elekeza kusini ukiweza, mwinamo wa nyuzi 10 hivi, mvua ioshe vumbi.

Hatua ya 3: Waya zishuke ndani ya paipu kwa nje, ziingilie ukutani. Usizizike kwenye povu. Zitahifadhi joto na ganda litaharibika. Usisahau waya wa athi (unaopeleka umeme ardhini), radi zetu mnazijua.

Hatua ya 4: Hii usiiruke hata mteja akikuharakisha. Mmoja apande na mpira wa maji, amwagie kila bolti dakika kadhaa. Mwingine akae chini ya bati na tochi, apitishe kidole kuzunguka bolti. Kidole kikitoka na unyevu, fungua, safisha, ziba upya. Kisha piga picha ya kila papi ikiwa na futi ya kupimia. Atakayeongeza paneli kesho atakushukuru.

Hatua ya 5: Osha mafuta ya bati jipya kwa sabuni. Puliza asubuhi umande ukishakauka, kabla bati halijawaka moto. Mimi hutumia povu gumu, tabaka nyembamba, nikisubiri kila moja ipoe. Ukijaza nene kwa mara moja, linaweza kuungua kwa ndani. Vaa barakoa yenye hewa safi ya bomba, na wenye nyumba walale kwingine usiku huo.

Hatua ya 6: Povu hushika moto. Lifunike kwa dari ya jipsamu, na inveta (kigeuza umeme wa sola) na betri zifungwe ukutani, mbali nalo.