Mbio ndefu katika mvua ya baridi: mwongozo kwa Wazanzibari walio ughaibuni

Mtu aliyekulia Unguja au Pemba hakufundishwa kuiogopa mvua. Katika masika, baina ya Machi na Mei, vikundi vya mazoezi hukimbia barabara ya Bububu huku wamerowa chapachapa, na wanaporudi hakuna aliyepata tabu kubwa kuliko chafya mbili tatu, kwa sababu mvua ya kwetu hunyesha katika hewa ya nyuzi joto 24 au 25, na mwili ulio kazini huipokea kuwa ni nafuu. Mazoea haya ndiyo yanayowaponza ndugu zetu wanapohamia London, Oslo au Toronto na kutaka kuendelea na mbio. Mwongozo huu unahusu mbio ndefu ya wiki, ile ya saa mbili au tatu ambayo kila anayejitayarisha kwa nusu marathoni au marathoni hawezi kuikwepa. Mbio ya nusu saa ina msamaha wake, kwani ukiwa umevaa vibaya utafika nyumbani kabla ya madhara, lakini mbio ndefu haina msamaha huo.

Kinachofaa kueleweka kwanza ni kwamba adui si baridi peke yake wala si mvua peke yake. Misuli inapokimbia hugeuza sehemu kubwa ya nishati kuwa joto, na joto hilo humtosha mtu hata katika nyuzi 2 chini ya sifuri, maadamu nguo zake ni kavu. Maji huondoa joto mwilini takriban mara 25 zaidi ya hewa tulivu, na upepo unapopita juu ya nguo iliyorowa huzidisha hasara hiyo. Ndiyo maana nyuzi 5 zenye mvua na upepo ni mbaya kuliko sifuri iliyo kavu. Hatari yenyewe huchelewa kuonekana: katika saa ya kwanza mkimbiaji hujiona mzima kwa kuwa bado ana nguvu na mwendo, lakini nguvu zikishapungua mwendo hushuka, mwendo ukishuka joto linalozalishwa hupungua, na wakati huo nguo zimejaa maji na nyumbani ni mbali. Kila ushauri unaofuata umejengwa juu ya jambo hilo moja, yaani usijikute umerowa, umechoka na uko mbali kwa wakati mmoja.

Wasiosadiki waangalie marathoni ya Boston ya Aprili 2018, iliyokimbiwa katika mvua kubwa, upepo wa mbele na nyuzi chache tu juu ya sifuri. Wakimbiaji wengi wa daraja la juu waliacha njiani. Mkenya Geoffrey Kirui, bingwa wa mwaka uliotangulia, alikuwa akiongoza kwa tofauti kubwa, kisha akaishiwa na kupitwa katika kilometa za mwisho na Yuki Kawauchi wa Japani, aliyekuwa mtumishi wa serikali na si mkimbiaji wa kulipwa. Kawauchi alikuwa ameizoea hali hiyo: tarehe 1 Januari ya mwaka huohuo, siku ambayo kwetu huwa ni ya tamasha la mazoezi, yeye alikimbia marathoni nzima huko Marshfield, katika jimbo hilohilo la Massachusetts, kwenye baridi iliyo chini sana ya sifuri. Mfano wa pili ni wa msiba. Mwezi Mei 2021, katika mbio za kilometa 100 mkoani Gansu nchini China, hali ya hewa iligeuka ghafla ikaleta mvua ya barafu na upepo mkali, na wakimbiaji 21 walifariki, wengi wakiwa na nguo nyepesi.

Kwa hiyo anza na njia kabla ya nguo. Wengi wetu tumezoea kwenda na kurudi, kama mtu wa Chake Chake anayeifuata barabara ya Wete mpaka achoke kisha akapanda gari ya abiria. Katika mvua ya baridi mpango huo haufai, kwa sababu nusu ya mbio hukuweka mahali pa mbali kabisa na nguo kavu. Chagua mzunguko wa kilometa 4 au 5 unaopita karibu na mlango wako, uurudie mara nne au tano, na acha glavu za akiba, fulana kavu na chupa ya kinywaji cha moto mahali unapoweza kuvifikia. Ni kweli kwamba mzunguko unachosha akili, na kila upitapo mlangoni nafsi itakushauri uingie ndani. Basi siku ambayo ushauri huo una haki, utakuwa umeshafika. Ikiwa huna budi kwenda na kurudi, anza kwa kuukabili upepo, ili urudi ukiwa nao mgongoni. Mwana wa pwani anayejua kusi na kaskazi hahitaji kuelezwa zaidi, ila tofauti hapa ni kwamba kwenda na upepo kwanza hukutoa jasho, na kugeuka na jasho hilo dhidi ya upepo ndiko kunakomgandisha mtu. Chukua simu ndani ya mfuko wa plastiki na kadi ya basi, na mwambie mtu wa nyumbani saa unayotarajia kurudi.

Nguo ya kwanza ya kuiacha kabatini ni fulana ya pamba. Pamba hunywa maji, huyashikilia na kulala juu ya ngozi ikiwa baridi, jambo ambalo Unguja ni raha na Glasgow ni adhabu. Karibu na ngozi vaa kitambaa chembamba cha poliesta ya michezo au cha sufu laini, kwani sufu huendelea kuhifadhi joto hata ikirowa. Juu yake vaa koti jepesi la kukata upepo. Makoti mazito yasiyopitisha maji kabisa huuzwa kwa maneno mengi na bei kubwa, lakini katika mbio ya saa mbili jasho hukurowesha kwa ndani kama mvua ambavyo ingekurowesha kwa nje. Mimi huona yanafaa pale mvua ni kubwa na joto ni chini ya nyuzi 5 hivi, au kwa anayekwenda polepole. Ukitoka mlangoni ukiwa umeridhika na joto lako, umevaa nguo nyingi mno. Dakika kumi za mwanzo zinatakiwa kuwa na ubaridi kidogo. Mikono isidharauliwe, kwa sababu vidole vikishika ganzi huwezi kufungua zipu, wala pakiti ya chakula, wala kufuli ya mlango wako. Kofia yenye ukingo wa mbele huzuia mvua machoni na inaweza kuvaliwa juu ya hijabu.

Kwa dada zetu wanaokimbia kwa stara, tatizo ni uzito wa kitambaa na wala si urefu wake. Baibui au gauni la kitambaa kizito hunywa maji, hujizungusha miguuni na kuangusha. Kanzu fupi ya poliesta inayofika magotini, juu ya suruali ya michezo, husitiri bila kubeba maji, na hijabu ya michezo iliyoshonwa kwa kitambaa hichohicho hukauka haraka. Weka ya pili iliyo kavu kwenye mfuko, maana shingo iliyofunikwa kwa kitambaa chenye maji hupoteza joto bila wewe kutambua. Kuhusu michubuko ya mapaja, makwapa na kifua, ambayo mvua huizidisha, wengi hutegemea mafuta ya nazi waliyotumiwa na mama au shangazi kutoka nyumbani. Ni mafuta mazuri, ila huganda yanapopoa chini ya nyuzi 24, kwa hiyo yatakuwa jiwe ndani ya kopo na hayatapakika asubuhi. Vaselini haina matatizo hayo.

Viatu havihitaji maneno mengi: soli isiwe imeisha, na jihadhari na majani yaliyoanguka, mistari ya rangi barabarani na vifuniko vya chuma, ambavyo vyote huteleza. Ikiwa joto limeshuka chini ya sifuri baada ya mvua, usikimbie barabarani siku hiyo.

Mwanga ni suala zito zaidi kuliko wageni wanavyodhani. Kwetu jua huchomoza na kuzama karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, lakini London mwezi Desemba huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni, na Oslo ni pungufu ya hapo. Kwa mtu anayesali, adhuhuri, alasiri na magharibi hufuatana kwa karibu kiasi kwamba mbio ndefu haipati nafasi mchana bila haraka. Wakati unaofaa ni kutoka mara jua linapochomoza, baada ya sala ya alfajiri na kifungua kinywa chepesi, ili uwe umerudi, umeoga na umetulia kabla ya adhuhuri. Ukilazimika kutoka gizani, vaa kizibao kinachoakisi taa za magari. Mahali pasipo na njia ya miguu, kimbia ukiyakabili magari yanayokuja. Uingereza magari hupita kushoto kama Zanzibar, lakini Norway, Kanada na Marekani hupita kulia, na mazoea ya kuangalia kulia kwanza unapovuka yanaweza kukuua.

Baridi huficha kiu, ingawa jasho linaendelea kutoka chini ya koti. Kunywa kidogo kila baada ya dakika ishirini au thelathini. Katika mbio inayozidi saa moja na nusu, mwili unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga au sukari kwa saa, na tende tatu kubwa zinakaribia gramu 50. Zitoe kokwa na uzikate nyumbani, kwa ile sababu ya vidole. Ramadhani katika miaka hii inaangukia Februari na inarudi nyuma kuelekea Januari na Desemba, kwa hiyo saumu ni fupi lakini hali ya hewa ni mbaya. Sishauri kabisa mbio ndefu katika mvua ya baridi kwa mtu aliyefunga, kwani aliyeishiwa sukari hupoa haraka. Ihamishie baada ya futari kwenye njia yenye taa, au ipunguze mpaka mwezi uishe.

Kutetemeka kusikokoma, kujikwaa mahali pa sawa, ulimi kuwa mzito na kushindwa kujibu swali jepesi ni dalili kwamba joto la mwili linashuka kuelekea chini ya nyuzi 35. Anayefikia hapo mara nyingi hukataa kuwa ana tatizo, na ndiyo maana ni vizuri kukimbia wawili. Akiacha kutetemeka ilhali bado amepoa na amechanganyikiwa, ni hali ya dharura: piga 999 au 112 Uingereza, 112 katika nchi za Umoja wa Ulaya, 113 Norway, 911 Marekani na Kanada. Mtoe kwenye upepo, mvue nguo zilizorowa, mfunike kwa nguo kavu, wala usimsugue mikono na miguu au kumtumbukiza kwenye maji ya moto.

Aliye mzima naye asisimame nje kuzungumza baada ya kumaliza, kwa sababu mwili huendelea kupoa baada ya misuli kutulia. Vua kila kilichorowa, soksi zikiwemo, vaa nguo kavu, kunywa chai ya tangawizi yenye sukari, kisha ndipo uoge maji ya uvuguvugu. Viatu vijazwe magazeti na viwekwe mbali na hita, maana joto kali hulegeza gundi.

Kwa wanaojitayarisha ili waje kukimbia nyumbani, kumbukeni kwamba mazoezi hayo yote hayakuandaini kwa joto la Unguja. Mwili huhitaji siku kumi hadi kumi na nne kulizoea, hivyo fikeni wiki mbili kabla ikiwa likizo inaruhusu, na wiki ya kwanza kimbieni mbio fupi baada ya alfajiri, kwa mwendo wa chini kuliko ule mliouzoea ughaibuni.