SOMO: Kupiga picha ua litoke lilivyo

Kila wiki naulizwa, "Picha zako za maua wazitoaje?" Naandika mara moja hapa. Atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

1. Futa lenzi. Simu yashinda mfukoni na jasho.

2. Toka mapema, kabla ya saa mbili asubuhi. Ikifika saa nne jua ni kali na upepo wa bahari hauachi tawi litulie.

3. Inama mpaka ulingane na ua.

4. Rangi. Hapa ndipo nilipoharibu. Muuza miche mmoja wa Nyali aliniomba nimpigie bogonvilia zake, rangi ya damu ya mzee. Nilipiga saa saba mchana, zikatoka wekundu mtupu, mishipa haionekani. Nikazivuta rangi kwenye programu mpaka zikawa za kung'aa. Mama mmoja akaona picha, akanunua miche sita. Ilipochanua akairudisha: "Siyo niliyoonyeshwa." Muuzaji alirudisha pesa, nami nikamlipa yeye.

Nyekundu iliyokoza hujaa kwenye kamera kabla ya rangi nyingine, na ikishajaa, mikunjo yote imepotea, huipati tena. Kwa hivyo gusa ua kwenye skrini, shusha kile kijua cha mwangaza kinachotokea hapo mpaka uone mishipa. Jua likiwa kali, mtu akuzuilie kwa kitambaa cheupe. Si leso ya rangi! Leso nyekundu hulitia ua wekundu wake. Kabla hujaondoka, weka skrini kando ya ua, ulinganishe.

5. Kutoa jani kavu, sawa. Kuchomeka ua la dukani kwenye mti wa mtu, hapana.

MASWALI

Wa Likoni: Simu gani nzuri?
— Sijataja aina ya simu popote. Soma tena namba 1 hadi 4.

Wa Changamwe: Na kunyunyizia maji? Kila mtu hufanya.
— Nyunyizia, lakini useme umenyunyizia. Picha ya saa tisa usiiandike "umande wa alfajiri." Kuna watu wanajifunza bustani kwa picha zetu.

Wa Kongowea: Katikati ya bogonvilia kuna vidoa vyeupe. Nivifute?
— Usivifute, dada! Hivyo ndivyo maua yenyewe. Hayo ya rangi ni majani yaliyogeuka. Sogea karibu, uhesabu: maua matatu, kila moja limeshikana na jani lake. Ukipata picha yake iweke hapa, naitaka.

Wa Mji wa Kale: Asumini yangu kila nikiipiga asubuhi imeshalegea.
— Asumini hufunguka jioni, ndiyo maana watunga vikuba, vile vishada vya maua ya kujipamba, huchuma tumba mapema. Piga baada ya Magharibi. Usiwashe fleshi, weupe wake utaungua. Egemeza simu kwenye kigoda, weka taima ya sekunde 3.

Wa Mji wa Kale: Mamangu huchuma zote kabla sijafika.
— Mwombe akubakishie kitawi kimoja. Na akikuruhusu, piga mikono yake ikitunga. Kaa upande wa dirisha, sinia iwe baina yenu.