Wakubwa wakituma wawakilishi: jinsi ya kuwarudisha kwenye Kamati Elekezi

Mwaka wangu wa kwanza nikiwa mratibu wa mradi wa maji, niliandaa kikao cha Kamati Elekezi, kamati ya wakuu wa taasisi wanaoamua mambo makubwa ya mradi, chenye wajumbe tisa. Mkubwa mmoja tu ndiye aliyefika, naye ni mwenyekiti. Viti vingine vyote vilikaliwa na wawakilishi. Akidi ilitimia kwa hesabu ya vichwa. Ajenda ya nne ilihusu bomba letu kupita kwenye hifadhi ya barabara, kama mita 600 hivi, na taasisi yenye barabara ilikuwa imemtuma kijana aliyeajiriwa karibuni, makini kabisa, aliyeandika kila neno kwenye daftari lake. Tulipomuuliza kama wanaridhia, akajibu alichokuwa na mamlaka ya kujibu: "Nitalifikisha kwa mkurugenzi." Kibali kilikuja baada ya miezi minne. Muda wote huo mabomba yalilala juani kando ya barabara, na kina mama wa mtaa ule waliendelea kununua maji ya mkokoteni.

Yule kijana hakuwa na kosa. Barua yangu ya mwaliko ilisema kikao ni cha "kupokea taarifa ya maendeleo ya mradi". Taarifa hupokelewa na yeyote. Mkurugenzi aliisoma, akaandika pembeni jina la mtu wa kwenda, faili likarudi masjala.

Anzia kwenye barua, basi. Kabla hujaiandika, jiulize: kuna jambo gani ambalo mkubwa huyu peke yake ndiye anayeweza kuliamua? Kama hulioni, usimwite. Mpelekee ukurasa mmoja wa taarifa na umwachie muda wake. Kama lipo, liweke mstari wa pili, mara tu baada ya salamu. Siku hizi naandika hivi: "Kikao kitaamua ama bomba lipite ndani ya hifadhi ya barabara, ama tulipe fidia ya viwanja upande wa pili. Uamuzi huu uko chini ya mamlaka yako." Barua ya namna hiyo ni ngumu kumkabidhi mtu mwingine.

Hadidu za rejea, yaani hati inayotaja wajumbe na kazi za kamati, nazo zitazame upya. Orodha ya wajumbe huwa ndefu kwa sababu kila idara inaogopa kusahaulika. PRINCE2, mfumo wa kusimamia miradi, unaipa bodi ya mradi nafasi tatu tu: anayebeba dhamana ya mradi mzima, anayewasemea watakaoutumia, na anayewasemea wanaoutekeleza. Sisi hatukuweza kufika tatu, lakini tulishuka kutoka tisa hadi watano, na wengine tukawaweka kwenye kamati ya wataalamu, mahali ambapo mchango wao ulikuwa mkubwa zaidi. Tukaongeza kipengele kimoja: mwakilishi aje na barua inayotaja mambo anayoweza kuyaamua kwa niaba ya mkuu wake. Wakuu kadhaa walipotakiwa kusaini barua hiyo waliona heri waje wenyewe.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo waratibu wengi huvuta miguu. Kikao hufanyika kabla ya kikao, ofisini kwa kila mjumbe, mmoja mmoja. Mimi hutenga siku tatu. Mtu wa kwanza kumwona ni katibu muhtasi wake. Yeye ndiye anayejua siku ambayo bosi amerudi safari usiku na siku ambayo ana nafasi. Saa moja na nusu asubuhi hunifaa zaidi, kabla mafaili hayajapanda. Naingia na karatasi moja yenye uamuzi unaoombwa, njia mbili au tatu zilizopo, gharama ya kila njia, na gharama ya kutoamua. Baada ya "shikamoo, mzee" na kuulizana hali, nauliza swali moja tu: "Nikilileta hili Alhamisi, ni kitu gani kitakufanya usite?"

Kisha nyamaza, usikilize. Mara nyingi hofu yake si ile uliyoidhania. Afisa Masuuli mmoja, yaani mkuu anayewajibika kwa fedha za taasisi, alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kama mabadiliko yale ya mkataba yalipita bodi ya zabuni. Yeye ndiye atakayesimama mbele ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, PAC, kujibu hoja za CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Mimi sitakuwepo pale. Tangu siku hiyo kila karatasi yangu ina mistari miwili ya ziada: kifungu kinachoturuhusu, na kifungu cha bajeti chenye fedha hizo. Mkubwa anayeona kwamba umelifikiria jina lake atakupa nusu saa badala ya dakika kumi.

Gharama ya kutoamua iandike kwa siku na kwa shilingi. Rangi nyekundu kwenye jedwali haimwambii mtu chochote. Mkataba wetu ulifuata FIDIC ya mwaka 1999, mfano wa kimataifa wa mikataba ya ujenzi, ambao mkandarasi akicheleweshewa eneo la kazi ana haki ya kudai nyongeza ya muda na gharama, mradi atoe notisi ndani ya siku 28. Nilipoweka tarehe ya notisi na kiasi kinachodaiwa kwenye ukurasa wa kwanza, suala la hifadhi ya barabara halikuahirishwa tena.

Kalenda nayo ina kauli yake. Mwaka wa fedha ukianza Julai, sambaza tarehe za vikao vyote vinne vya mwaka. Mwisho wa Machi ripoti ya CAG hukabidhiwa kwa Rais, na kuanzia Aprili hadi Juni watu wa wizara wako Bunge la Bajeti. Kumwita Katibu Mkuu Dar es Salaam mwezi Mei ni kumwomba akutumie mwakilishi. Kikao cha Mei tunakifanyia Dodoma, jioni, karibu na waliko. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024, hata sisi wa Pwani hatuna kisingizio.

Ndani ya kikao, maamuzi yatangulie na taarifa ifuate. Saa moja inatosha ikiwa zile siku tatu ulizitumia vizuri. Mwenyekiti asome kila azimio kwa sauti kabla ya kwenda ajenda inayofuata. Maneno "imeelekezwa lifanyiwe kazi" yasiandikwe bila cheo na tarehe.

Muhtasari kamili unaweza kuchukua wiki. Dondoo za maazimio zitoke kesho yake asubuhi, kila mkuu apate ukurasa wake wenye mambo yake tu. Kwenye kikao kilichofuata, mkurugenzi wa ile taasisi ya barabara alikuja mwenyewe na dondoo yake imekunjwa mfukoni. Tulipofika kwenye yatokanayo, yaani ufuatiliaji wa maazimio ya kikao kilichopita, aliitoa akaanza kujibu kabla sijamwita.